Futa safu ya "Sababu" kwenye daftari la ruhusa

Ile kaunta buku niliichora mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu: Jina, Tarehe, Sababu, Sahihi. Ilikaa kwenye kaunta ya mgahawa wangu hapa Morogoro, pembeni ya chupa za chai, na kila kijana aliyetaka ruhusa alijiandika humo. Vijana wangu ni wa miaka 16 hadi 18. Wengine wamemaliza kidato cha nne Novemba na wanasubiri matokeo, wengine bado wanasoma na huja Jumamosi na Jumapili tu.

Binti mmoja mpole, wa miaka 17, kila mwezi aliandika neno lile lile: kliniki. Mwezi wa kwanza hakuna aliyejali. Kufikia wa tatu, mwenzake akafunua kurasa za nyuma, akalinganisha tarehe, minong'ono ikaanza: huyu ama ana mimba, ama ana "ule ugonjwa". Mimi nilijua siku alipoacha kuja. Mama yake alinifuata, akasimama mlangoni na kuniambia kwa sauti ya chini: "Dada, mwanangu hajaiba kitu kwako. Mbona ulimwandikisha ugonjwa wake mbele za watu?"

Alikuwa anaumwa nini sitaandika hapa. Si siri yangu.

Wewe unayeajiri vijana, jiulize hiyo sababu unaitakia nini. Mimi nilichohitaji ni kujua kwamba Jumanne asubuhi nina pengo, nitafute wa kuliziba. Tena hawa ni wa deiwaka, siku asiyokuja simlipi. Ruhusa yake ameshailipia mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziita taarifa za afya, na za watoto pia, kuwa taarifa nyeti. Daftari langu lilikuwa na zote mbili, na kila aliyefuata chai aliweza kulifunua.

Sasa lina jina na tarehe tu, na linakaa kwenye droo yenye ufunguo. Kwenye grupu la WhatsApp naandika "Jumanne asubuhi nahitaji mtu mmoja", simtaji asiyekuwepo. Anayeumwa siku kadhaa, karatasi ya daktari inayosema apumzike siku ngapi inanitosha. Nikimwona kijana hayuko sawa namwita pembeni, namuuliza kama kuna ninachoweza kumsaidia. Akisema hapana, naishia hapo.

Nilipoacha kuuliza sababu ndipo nilipoona jambo jingine, na hili liliniuma zaidi. Miaka yote nilikuwa nazipima sababu zao kama hakimu. Mkesha wa kanisani, nenda, kwa kuwa nami ni mtu wa kanisa. Harusi ya binamu, haya. Mwenye maneno alipata ruhusa, anayekwama akijieleza alikosa, na yule ambaye nafahamiana na mzazi wake alipata kuliko wote. Siku hizi anayetangulia kujiandika ndiye anayepata, mwisho wawili kwa zamu. Idi Waislamu wanapumzika na Wakristo wanashika kazi, Krismasi wanabadilishana. Hilo walilipanga wao wenyewe, na halijawahi kuleta ugomvi.

Masomo hayaingii kwenye foleni hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo anayetaka siku ya mtihani hanibembelezi. Ananiambia tarehe, basi.

Nawe kijana, sema mapema. "Alhamisi nina udhuru, naomba ruhusa" ni sentensi iliyokamilika. Ukibanwa ueleze, omba mzungumze wawili tu. Usizue msiba. Najua wengi wenu mnaua bibi asiyeumwa kwa sababu sisi wakubwa tumewazoesha kwamba udhuru mdogo hausikilizwi, lakini siku msiba wa kweli utakapokuja utahitaji kuaminiwa.

Yule binti nilimfuata kwao Jumapili iliyofuata, nikiwa na malipo ya siku zake nne. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alinipa kiti, akapokea pesa kwa mikono miwili, akasema ahsante. Kazini hakurudi.