Kingamwili ya FMRFamidi imeng'aa: je, peptidi ni hiyo?

Swali: Nimetia vipande vya ubongo wa nzige kingamwili ya sungura dhidi ya FMRFamidi (peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, inayobeba ujumbe kati ya seli za neva), iliyozimuliwa 1:2000, saa 48 kwenye nyuzijoto 4. Seli nyingi ziling'aa, ishara kwamba kingamwili imeshika kitu humo. Nilipoichanganya kwanza kingamwili na FMRFamidi, mng'ao wote ulizimika. Naweza kuandika kwamba seli hizo zina FMRFamidi?

Jibu: Hapana. Ulichothibitisha ni kwamba kingamwili inaishika FMRFamidi, na hilo ulilijua tangu ulipoinunua. Ndani ya ubongo imeshika nini, jaribio hilo halisemi, ingawa kila wiki naletewa kama ushahidi.

FMRFamidi ina asidi amino nne tu, na kingamwili zake nyingi hushika zaidi ncha ya RFamidi, yaani asidi amino mbili za mwisho. Wadudu wana familia kadhaa zenye ncha hiyo: miosapresini, sulfakinini, NPF (neuropeptidi F), sNPF (neuropeptidi F fupi), pamoja na FMRFamidi ndefu. Ile fupi ya asidi nne ilitolewa kwenye moluska mmoja wa baharini mwaka 1977; za wadudu zimerefushwa upande wa mbele.

Igawe kingamwili, ukiwa umeshaizimua, katika mirija kadhaa. Kila mmoja utie peptidi tofauti ya familia hizo, mikromola 50. Mmoja utie protini iliyobeba peptidi wakati wa kumchanja sungura, mara nyingi albumini ya ng'ombe au thairoglobulini. Mmoja uache bila kitu. Acha usiku mzima kwenye nyuzijoto 4, zungusha kwenye sentrifuji, kisha maji ya juu ya kila mrija yatie kwenye vipande vyake vya ubongo. Sulfakinini nayo ikizima mng'ao, kingamwili yako haizitofautishi. Protini ile ikiuzima, ulichokuwa unakitazama si peptidi kabisa.

Ushahidi wenye uzito hutoka kwingine: kingamwili nyingine dhidi ya kipande kisicho na RFamidi cha protini mama (protini ndefu inayokatwa kutoa peptidi), mRNA (nakala ya jeni yake) kuonekana katika seli zilezile, au spektrometri ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito wake. Kwa nzige RNAi (kuzima jeni kwa kutumia RNA) hufanya kazi vizuri, ila usipime kesho yake. Peptidi iliyokwisha kufungwa kwenye vifuko ndani ya seli hukaa siku kadhaa. Kabla ya kupata ushahidi huo andika "mwitikio unaofanana na wa FMRFamidi", basi.

Na maneno ya katalogi, "imethibitishwa kwa wadudu", hayana maana mpaka waseme mdudu yupi, tishu ipi, na ilizimwa kwa peptidi zipi. Wapo wanaoongeza kingamwili hadi 1:100 ili picha ipendeze. Kwa kiwango hicho hata mishipa ya hewa na mafuta vitawaka. Chupa yenye namba mpya ya toleo ipime upya yote haya, kwani huenda imetoka kwa sungura mwingine.