Wakfu wa Yeriko na wakfu wa Unguja

SWALI: Nafundisha darasa la kipaimara hapa mjini Unguja. Tulisoma Yoshua 6:17, habari ya Waisraeli kuuteka mji wa Yeriko: "Na mji huu utakuwa wakfu kwa Bwana." Jirani yangu Muislamu alikuwa barazani akisikia, akauliza: "Wakfu gani huo ambao watu wake wanauawa?" Nikakosa la kumjibu. Je, wakfu ni neno sahihi pale? Na niseme Wakristo "wanaitafsiri" aya hiyo au "wanaifasiri"?

JIBU: Jirani yako kasikia sawasawa, na swali lake ni la lugha kabla halijawa la dini.

Kwa mtu wa Unguja au Pemba, wakfu ni nyumba ya Mji Mkongwe, shamba la minazi au kisima ambacho mwenyewe amekitoa kwa ajili ya Mungu. Mali yenyewe inabaki pale pale. Manufaa yake ndiyo yanayokwenda msikitini, kwa mafukara au kwa kizazi chake. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mzizi wa Kiarabu una maana ya kusimama: mali imesimamishwa, haitembei tena mikononi mwa watu. Tunayo hata taasisi ya serikali ya kuisimamia, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya wakfu ikianguka, msimamizi ndiye anayeulizwa. Sasa mtu aliyekulia na neno hilo umsomee kwamba mji umekuwa wakfu, kisha kwenye aya ya 21 asikie kila kilichomo kimeangamizwa kwa upanga, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, mpaka punda. Lazima aulize.

Neno la Kiebrania lililo chini ya wakfu huo ni herem. Mzizi wake ni h-r-m, nasi tunao ndugu zake tele tuliowapata kwa njia ya Kiarabu: haramu, maharimu, ihramu, Haram ya Makka, hata haramia. Wazo lililo ndani ya mzizi ni kitu kilichowekewa mpaka, mkono wa kawaida usikifikie. Mpaka huo unaweza kuwa wa utukufu, kama Haram, au wa kukatazwa, kama nyama ya nguruwe. Kiebrania nacho kimebeba pande zote mbili kwa neno moja.

Pande hizo zinaonekana ukifungua vifungu vingine. Walawi 27:28 inasema kitu cha herem hakiuzwi wala hakikombolewi. Hapo jirani yako ataitikia, maana hilo ndilo sharti la wakfu analolijua. Hesabu 18:14 inampa kuhani kila kitu cha herem katika Israeli, na hapo hakuna kinachochomwa. Yeriko kwenyewe, fedha, dhahabu na vyombo vya shaba na chuma viliingia katika hazina ya Bwana (6:19 na 24). Ndiyo maana kosa la Akani katika sura ya 7, aliyeficha shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, ni kosa ambalo mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa mara mbili: amekula mali ya wakfu.

Mambo yanageuka pale kitu kilichotolewa kinapokuwa mtu. Walawi 27:29 inasema mtu wa herem hakombolewi, anauawa. Kwa hiyo neno wakfu linakaa vizuri nusu, kisha linateleza. Wakfu wetu unahifadhi mali ili watu wafaidike. Herem ya vitani inaiteketeza ili asifaidike mtu yeyote.

Union Version ya 1952, Biblia ya Kiswahili unayoisoma darasani, haikushikilia neno moja. Katika Yoshua 6:17 iliandika wakfu. Katika aya ya 21, na katika 1 Samweli 15:3 juu ya Waamaleki, iliandika kuangamiza, ilhali mzizi wa Kiebrania ni ule ule. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ililiweka neno anathema mahali pa herem katika Yoshua 6:17. Paulo akalitumia anathema katika Wagalatia 1:8, na Kiswahili kikasema "na alaaniwe". Jambo moja, kanzu tatu: wakfu, maangamizi, laana. Msomaji wa Kiswahili peke yake hana njia ya kujua kwamba ni jambo moja. Na usidhani Mkristo ana nafuu kuliko jirani: yeye neno hilo analisikia askofu anapowekwa wakfu au altare inapowekwa wakfu, kwa hiyo naye analipokea kwa upole.

Je, ni kosa la tafsiri? Siliiti kosa. Lau wangeandika "mji utaharimishwa kwa Bwana", sisi tungefikiria chakula kilichokatazwa, na ile fedha iliyoingia hazinani isingeeleweka. Lau wangeandika "utaangamizwa" tu, habari ya kutolewa kwa Mungu ingepotea, nayo ndiyo kiini cha neno. Darasani ningesema "umetolewa kwa Bwana moja kwa moja, bila kurudi", kisha nikaeleza kwamba kwa vitu maana yake ni hazina au moto, na kwa watu maana yake ni kifo. Ni maneno mengi, lakini hayamfichi maiti nyuma ya neno zuri.

Sasa tafsiri na fasiri. Visiwani, tafsiri ya Qurani ni ufafanuzi wa maana, na kuihamishia katika lugha nyingine watu huita tarjuma. Bara, kutafsiri ni kuhamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Ukisema "Wakristo wanaitafsiri aya hii kwa namna nyingi", msomaji wa Dodoma atadhani unazungumzia matoleo ya Biblia. Tumia fasiri kwa maana na tarjumi kwa kuhamisha. Ukiandikia watu wa bara, tafsiri iache ibebe kazi ya tarjuma. Baada ya fasiri weka kuwa au kwamba: "wanaifasiri kuwa istiari". Usiseme "wanaihalalisha" ila kama unakusudia hivyo hasa, maana si kila anayefasiri anahalalisha.

Wakristo wenyewe wamefasiri vita hivi kwa njia kadhaa, na kila njia ina istilahi yake nzuri ya Kiswahili. Origeni wa Aleksandria, mwanazuoni wa Kikristo wa karne ya 3, aliifanya istiari: Yoshua na Yesu ni jina moja kwa Kigiriki, na miji inayobomolewa ni dhambi ndani ya roho. Askofu Augustino, na karne nyingi baadaye Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, walishika hukumu: Mungu ndiye mwenye uhai, na Mwanzo 15:16 imekwisha kusema uovu wa Waamori, wenyeji wa nchi ile, haujatimia. Hapa neno ni hukumu, wala si kisasi, ukiyachanganya umewasingizia.

Njia ya tatu ni ya chuku, yaani kutia chumvi, na kwa mtu wa lugha ndiyo inayovutia zaidi. Yoshua 10:40 inasema hakusazwa hata mmoja; Waamuzi 1 inawaonyesha Wakanaani bado wamo katika nchi. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la mnamo 840 KK, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, linatumia mzizi huu huu wa h-r-m kwa mji wa Nebo, na linajigamba kwamba Israeli imeangamia milele. Haikuangamia. Yaani wafalme wa zama zile walipiga chuku vitani kama malenga wanavyopiga chuku kwenye sifa. Lakini chuku inapunguza idadi tu. Amri inabaki pale pale. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza hilo, usimkatishe.

Wengine husema ufunuo ulikuja hatua kwa hatua, wakaisoma Yoshua chini ya Mathayo 5:44, "wapendeni adui zenu". Udhaifu wake ni kwamba mwenye kusema hivyo lazima aeleze kama hatua ya kwanza ilikuwa sauti ya Mungu au watu waliisikia vibaya. Wengi huliruka swali hilo kwa neno "zamani". Marcion, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, hakuliruka: alilikataa Agano la Kale lote, na Kanisa likamkataa yeye.

Kwa darasa lako, fanya hivi. Soma aya ya 17, 19 na 21 kwa pamoja, usiishie ya 17. Andika ubaoni maneno wakfu, hazina na kuangamiza, uwaambie la kwanza na la tatu yana mzizi mmoja kwa Kiebrania. Uliza kila fasiri inajibu nini: watu wangapi walikufa, nani aliamuru, au sisi tufanye nini. Istiari hujibu swali la tatu na kunyamaza kwenye la pili. Ndipo vijana hubishana bila kujua kwamba wanajibu maswali tofauti.

Na kwa jirani yako, sentensi hii inatosha barazani: "Neno la Kiebrania pale lina mzizi mmoja na haramu yenu, wala si wakfu wa nyumba na visima, na jinsi ya kuifahamu amri ile, sisi wenyewe hatujawa na kauli moja."