Munaoanza famasi: dawa za gauti, yuriki asidi na mishipa ya damu

Haya wadogo zangu, iwe bado muko skuli pale SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, au mushaanza kukaa kaunta kwenye famasi za mjini, Chake au Wete, kuna kitu nataka mukishike mapema kuhusu dawa za gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma unaoletwa na yuriki asidi, taka ya mwili, ikizidi kwenye damu, mana naona wengi wanakariri "aloprinoli inashusha yuriki asidi" wanaishia hapo. Inashusha kweli. Lakini inashusha kwa njia gani, na mshipa wa damu unapata nini? Hapo ndo pana kazi.

Mshipa kwa ndani umetandikwa seli nyembamba, safu moja tu, na seli hizo ndo zinazotoa naitriki oksaidi, ile gesi inayoufanya mshipa ulegee utanuke. Sasa yuriki asidi ikiwa kwenye damu, nje ya seli, inasaidia kuzima sumu za oksijeni, kwa hiyo musiione adui moja kwa moja. Ikishaingia ndani ya seli mambo yanageuka, sumu hizo hizo zinaongezeka na naitriki oksaidi inapungua. Na haipenyi ovyo, ina milango yake, kuna URAT1 uliotambuliwa kwenye figo mwaka 2002, kuna GLUT9, na yote miwili imekutwa pia kwenye seli za mishipa.

Chukueni dawa mbili muzilinganishe. Aloprinoli inazuia zanthini oksidasi, kimeng'enya kinachomalizia kutengeneza yuriki asidi, na kimeng'enya hichi kila kikifanya kazi kinamwaga na sumu za oksijeni, tena kinaganda hata juu ya seli za mshipa wenyewe. Ukikizuia umepata mawili kwa mpigo. Probenesidi haigusi utengenezaji, yenyewe inaziba mlango: kwenye figo inafanya yuriki asidi isirudi kwenye damu, itoke na mkojo, na kwenye seli za mishipa zilizooteshwa maabara inaizuia isiingie ndani.

Ukisoma mpaka hapo utasema basi zote mbili zinaulinda mshipa, na ni rahisi sana kuamini hivo. Lakini 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, waliwapima wagonjwa ambao moyo umechoka kusukuma damu. Aloprinoli mg 300 na probenesidi zilishusha yuriki asidi karibu sawa, ila mishipa ya mkono ikatanuka vizuri kwa aloprinoli, na mg 600 ikashinda mg 300, probenesidi haikuleta chochote. Mimi utafiti huu naupenda kuliko yote kwa kufundishia, mana namba ya damu ilikuwa ile ile lakini mshipa ukajibu tofauti, na wao wakaona siri iko kwenye zile sumu za oksijeni, si kwenye yuriki asidi yenyewe.

Na hapo pia musikimbilie. Mwaka 2022 Uingereza yalitoka majibu ya utafiti wa watu zaidi ya 5,000, umri miaka 60 na kuendelea, wana ugonjwa wa mishipa ya moyo lakini hawana gauti, wakapewa aloprinoli hadi mg 600 kwa siku juu ya dawa zao za kawaida. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikupungua. Kwa hiyo akija mtu kaunta kasikia aloprinoli ni dawa ya moyo, mwambieni kwa upole kwamba hiyo ni dawa ya gauti, musimuuzie matumaini.

Sasa kaunta. Mzee kaja anachechemea, kidole gumba cha mguu kimevimba chekundu, karatasi ya maabara inasema yuriki asidi 5.5 mg/dl, kaambiwa hana gauti. Yuriki asidi inaweza kushuka wakati wa shambulio lenyewe, kipimo kirudiwe wiki kama mbili baada ya kupoa. Kolchisini inatuliza uvimbe, yuriki asidi haiigusi kabisa, hili nalirudia kila siku. Aloprinoli inaanza kidogo, mg 100 au chini ya hapo kama figo dhaifu, inapandishwa taratibu mpaka damu iwe chini ya 6 mg/dl, na miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuzidi, mtu asiache dawa kwa hilo. Vipele vikitoka je? Hapo aache na aende spitali siku ile ile. Na anaetumia azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, musimpe aloprinoli mpaka daktari wake ajue, hatari yake ni kubwa.

Halafu muulizeni dawa za presha, wallahi hili linasahauliwa sana. Wazee wetu wengi wanamlaumu pweza na dagaa, na dagaa kweli ana mchango, lakini kumbe kila asubuhi anameza haidroklorothiazidi inayopandisha yuriki asidi. Losatani, nayo dawa ya presha, inashusha kidogo, na inashusha kwa kuziba mlango ule ule wa URAT1. Musimbadilishie nyinyi, mwandikieni kijikaratasi apeleke kwa daktari wake, na Ramadhani ikikaribia mumkumbushe maji ya kutosha baina ya futari na daku.