Muulize Nahodha: Kusi Limekaza, Wenye Vyombo Hawanisikii

SWALI: Shikamoo nahodha. Nimekabidhiwa usimamizi wa diko letu hapa Kilwa Kivinje, panapopakiwa abiria na mizigo ya kisiwa cha Songosongo. Kusi, upepo wa kusini, limeanza kukaza. Nikimwambia nahodha asitoke, mwenye chombo ananilaumu kwamba namzibia riziki, na abiria wanamuunga mkono. Nifanyeje?
— Msimamizi mpya, Kilwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukusema unawazuia saa ngapi, lakini kwa ugomvi huo nahisi ni asubuhi, magunia ya mchele yameshapangwa, kina mama wamekaa na watoto, nauli iko mfukoni mwa karani. Hapo umeshachelewa. Petroli imenunuliwa, hela imepokewa, na wewe peke yako ndiye unayetaka watu washuke. Hata mimi ningekuona adui.

Amua jioni ya kuamkia safari, kabla hata shilingi moja haijapokewa. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Msimu huu utawasikia wakitaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Wakitoa angalizo, vyombo vidogo vilale. Ikipanda kuwa tahadhari, asipakie mtu hata kreti ya soda. Andika kwa chaki kwenye ubao, mahali wanapokatia nauli, na utie jina lako. Asubuhi una ruhusa ya kukaza ulichoandika jana. Kulegeza, hapana, hata aje diwani.

Sasa kuna jambo la Kivinje lenyewe. Songosongo iko kaskazini yenu, kwa hiyo wakati wa kusi upepo unamsukuma mtu kwa nyuma. Chombo kinateleza, abiria wanapiga soga, na kila mtu anakuona mwoga. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mawimbi yanapiga omo, mbele ya chombo, maji yanaingia, mtu wa kuteka ngama, maji ya ndani ya chombo, hapumziki. Na pwani yenu ni tope: maji yakipwa, chombo hakifiki, kinatia nanga mbali kikisubiri. Basi nahodha akija kuomba ruhusa usimuulize anatoka saa ngapi. Muulize anarudi na maji gani. Kama jibu lake linamfikisha Kivinje maji yameshatoka na magharibi imeingia, hiyo safari haipo. Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu haifai Alhamisi.

Orodha ya abiria iandikwe majina, watoto wachanga wakiwemo, na nakala ibaki nchi kavu kwako. Mv Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Unguja, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilikuwa imejaza kupita uwezo wake, na idadi ya waliokuwemo ikabaki ya kubishaniwa. Mwaka uliofuata, Julai 18, katikati ya kusi, ikazama Mv Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Hizo ni meli, mwanangu, si mashua.

Majaketi ya kuokolea nayo yakague yakiwa yamevaliwa. Nimeona mengi yamefungwa kwenye nailoni yasichafuke, mengine yamekaliwa kama mito. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne linamvuka kichwani, kwa hiyo dai ya watoto kando.

Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia mtapumua kidogo, ila usilale, hata masika yakifuata. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024, wengi wakidhani mabaya ya masika ni mvua tu. TMA walitangulia kusema siku kadhaa. Waliosikia walikuwa na nafasi ya kuvuta vyombo juu.

SWALI: Nahodha, mashua yangu nataka kuipandisha nipige kalafati, nizibe mianya ya mbao, na kupaka chini. Niipandishe lini?
— Mvuvi, Pangani

JIBU: Tumia bamvua, maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ufike juu kabisa. Lakini jua unachojifungia. Chombo ulichokipeleka juu kwa bamvua hakitaguswa na maji mpaka bamvua jingine, kama wiki mbili hivi. Kwa hiyo pamba, misumari, mafuta, chokaa na shahamu, vyote viwepo ndipo upandishe, na fundi akupe neno lake, maana mafundi wa msimu huu wanaahidi watu watatu kwa siku moja. Kazi ikiwa ya siku mbili tatu tu, usiende huko juu. Iache inapofikiwa na maji ya kila siku, uegemeze kwa magadi, miti ya kuegemezea, upige kalafati maji yakitoka.