Re: Unga wa reishi kwa magoti ya mama

Mkuu, umeuliza kama unga wa uyoga wa reishi unaouzwa hapo Masasi utatuliza magoti ya mama yaliyovimba. Uyoga huo una beta-glukani (aina ya nyuzinyuzi), ambazo hutolewa kwa maji ya moto, na triterpeni (kemikali chungu za uyoga huo), ambazo hutoka vizuri kwa pombe. Maabarani na kwa panya, viambato hivyo vimepunguza uvimbe kweli. Kwa binadamu ushahidi bado mwembamba, kwa hiyo anayekuapia kwamba unaponya anatafuta hela tu. Mimi nilinunua Mtwara mjini: mchungu kama mwarobaini, na kopo halikusema kama umekamuliwa kwa maji ya moto au kwa pombe. Kama mama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), asiuguse kabla ya kuongea na daktari, damu inaweza kugoma kuganda. Na usimchumie uyoga wa kwenye kisiki cha mkorosho, hata ukifanana na reishi!