Machozi yanatiririka, macho makavu yametoka wapi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina miaka 53, niko Tanga, nashona nguo. Kizazi nilitolewa miaka 4 iliyopita sababu ya uvimbe, na vifuko vya mayai vyote viwili, baada ya hapo joto likawa linanipanda usiku mpaka shuka linalowa, nikaandikiwa vidonge vya homoni na kwa kweli nalala sasa. Shida ni macho, yaani kama yana mchanga, nikikaa kwenye cherehani saa moja tu tundu la sindano silioni, upepo ukinipiga machozi hayo. Nimepima naambiwa macho makavu. Makavu vipi wakati yanamwagika? Jirani ananiambia niache vidonge.

JIBU: Pole sana dada yangu, hujadanganywa. Chozi sio maji tu, juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope, ndo unaozuia maji yasikauke. Mafuta yakipungua jicho linakauka, linawasha, mwili unajibu kwa kumwaga machozi mengi kwa mpigo, ila hayakai jichoni, yanaishia shavuni.

Vitezi hivyo vinategemea sana androjeni, homoni inayoitwa ya kiume ila na wanawake tunayo, na ukitolewa vifuko vya mayai inashuka. Wengi tunadhani estrojeni, homoni ya kike iliyo kwenye vidonge kama vyako, ikirudi na macho yatapona, kumbe sivyo. Utafiti wa Marekani uliotoka 2001, wanawake zaidi ya 25,000 waliokoma hedhi, ulikuta wanaotumia estrojeni peke yake (ndo kawaida kwa asiye na kizazi kama wewe) uwezekano wa macho makavu ulizidi kwa asilimia 69 ukilinganisha na wasiotumia, wa estrojeni pamoja na projesteroni (homoni nyingine ya kike) asilimia 29. Hiyo haithibitishi kwamba vidonge ndo vimekuharibu macho, ila ni sababu tosha ya kurudi kwa aliyekuandikia mkaangalie dozi. Usiache mwenyewe tafadhali, joto litarudi, na mifupa yako pia inavihitaji.

Kwa sasa chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, weka juu ya kope ulizofumba dakika 5 mpaka 10, halafu kanda taratibu ukingoni, mafuta yaliyoganda yalainike. Fanya kila siku. Famasi omba machozi ya bandia (matone ya kulainisha jicho), ukitumia zaidi ya mara 4 kwa siku chukua yasiyo na kemikali ya kuhifadhia. Feni isikupige usoni, na ukishona pepesa macho, maana tukikazia kitu tunasahau kabisa. Kama unameza setirizini za mafua ya aleji mwambie daktari, nazo zinakausha.

Matone ya steroidi ya kununua bila cheti hapana, yanatuliza wekundu huku yanapandisha presha ya jicho kimyakimya. Na kama mdomo nao umekauka, viungo vinauma, sema ukifika kliniki upimwe zaidi. Jicho likiuma sana au kuona kukipungua ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.