Sanaa, insia au sayansi za jamii?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amepangiwa kidato cha tano, tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Kaka yake aliyemaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati) anamtania kila siku kwamba "hakusoma sayansi, kaenda sanaa". Binti naye hujibu kwamba jiografia ni sayansi, basi mzozo unaanza upya. Juzi nilipita Chuo Kikuu cha Dodoma nikakutana na neno "insia". Je, masomo ya binti yangu yaitwe sanaa, insia au sayansi za jamii? Na historia ni sayansi, au kaka yake ana haki ya kumcheka? – Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma

Jibu: Marahaba. Tuanze na la kaka mtu, maana ndilo linalowanyima usingizi. Jiografia imo katika HGL, lakini imo pia katika CBG (pamoja na kemia na biolojia) na PGM (pamoja na fizikia na hisabati). Mtihani ni ule ule. Mwanafunzi wa CBG akikokotoa mteremko wa kilima kwenye ramani anahesabiwa kuwa mtu wa sayansi. Wa HGL akikokotoa mteremko huo huo, kwa rula ile ile, anaambiwa ni mtu wa sanaa. Somo halikubadilika, yamebadilika yale linalokaa nayo. Kwa hiyo "mchepuo wa sayansi" na "mchepuo wa sanaa" ni majina ya kupangia wanafunzi na walimu. Hayatuambii lolote kuhusu elimu yenyewe ni ya namna gani.

Neno "sanaa" kwa maana hii tumelipata kwa kutafsiri Kiingereza, nacho kililirithi kutoka Kilatini. Vyuo vya Ulaya vya zama za kati vilifundisha "sanaa" saba: sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema kwa ufasaha), hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Hebu mpe kijana wako orodha hiyo aisome. Hesabu, jiometri na elimu ya nyota, tena chini ya jina analolitumia kumcheka mdogo wake!

Katika Kiswahili, sanaa ni ufundi wa kuunda kitu kwa ustadi unaogusa moyo: kuchonga, kufinyanga, kusuka, kupiga zeze, kutunga shairi, kuigiza. Ndiyo maana tuna Baraza la Sanaa la Taifa, na halishughuliki na walimu wa historia. Mwambie bibi yake kule Bahi kwamba mjukuu "anasoma sanaa", atakuuliza atacheza ngoma gani. Bibi hajakosea hata kidogo. Mkosaji ni tafsiri.

"Insia" ililetwa kuziba pengo hilo. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule wa "insi" na "insani", yaani binadamu, maneno ambayo wasomaji wa mashairi ya zamani wanayajua vizuri. Insia ni taaluma zinazomchunguza binadamu kupitia yale aliyoyasema, aliyoyaandika, aliyoyaamini na aliyoyatenda: historia, lugha, fasihi, falsafa, dini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia (ndaki ni chuo ndani ya chuo kikuu), na ninyi hapo Dodoma mna Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii. Wapo wanaolilalamikia neno hili kuwa gumu. Mimi silioni gumu kuliko "tahasusi", ambalo leo kila mzazi wa kidato cha nne analitamka bila kugugumia. Jambo moja tu la kuangalia: usilichanganye na "utu". Mtu anaweza kuwa bingwa wa insia na bado akamdhulumu jirani yake kiwanja.

Sayansi za jamii ni kundi jingine: uchumi, sosholojia, sayansi ya siasa. Hapa angalia neno linalofuata "sayansi". "Sayansi" haibadiliki kwa wingi, kwa hiyo "ya" na "za" ndizo zinazobeba idadi. Ukitaja moja sema "sayansi ya siasa". Ukilitaja kundi zima sema "sayansi za jamii". Na zile za fizikia na kemia? Wengi huandika "sayansi asilia". Sina ugomvi nao, ila kwa kuwa "tiba asilia" ni dawa za mitishamba, msomaji anaweza kupotea njia. Napendelea "sayansi za maumbile".

Sasa historia. Neno "sayansi" kwetu lina maana mbili, na ubishi wa nyumbani kwako unatokana na kuzigonganisha. Maana ya kwanza ni kundi la masomo: fizikia, kemia, biolojia. Kwa maana hiyo historia si sayansi, kaka yake yuko sawa. Maana ya pili ni utaratibu wa kuchunguza kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine. Vitabu vyetu vya isimu hufungua kwa kusema isimu huchunguza lugha kisayansi, na hakuna anayedhani wanaisimu wamehamia maabara ya kemia. Kwa maana hii mwanahistoria anayelinganisha nyaraka, akatilia shaka shahidi wake na kuonyesha alikotoa kila dai, anafanya kazi kisayansi.

Mfano hauko mbali nanyi. Michoro ya mapangoni ya Kolo, Kondoa, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, mingi ina rangi nyekundu. Mkemia akipima atakwambia wekundu ule ni oksidi ya chuma. Lakini kwa nini mchoraji alimrefusha mtu yule na kumvika kichwa kile? Hapo kipimo kinanyamaza. Inabidi kusikiliza masimulizi na kuzijua mila, kwani baadhi ya maeneo hayo bado yana uhusiano na matambiko ya wenyeji. Na anayesikiliza masimulizi bila kujua umri wa mchoro anaweza kumpa Mrangi wa leo, mwenyeji wa Kondoa, kazi ya mtu aliyeishi maelfu ya miaka kabla yake.

Zamani Kiswahili hakikuwa na kizuizi hiki. Neno lilikuwa "elimu", nalo liliwapokea wote: elimu ya dini, elimu ya lugha, elimu ya nyota. Mwanachuoni wa pwani aliyepiga hesabu za falaki, yaani za nyota, aliweza jioni kutunga utenzi, na hakuna aliyemuuliza amesoma mchepuo gani.

Kwa hiyo, nyumbani semeni hivi: binti anasoma masomo ya insia na jiografia. Historia na Kiingereza ni insia bila shaka. Jiografia ya makazi na idadi ya watu iko upande wa sayansi za jamii, ile ya miamba na hali ya hewa iko upande wa sayansi za maumbile. Akifika chuo, huenda cheti chake kikaandikwa "Shahada ya Sanaa". Hilo ni jina rasmi la shahada, liacheni kama lilivyo.